Mzigo Ulipanda Lini?

Mzee aliletwa kwenye ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, hapa Tanga, na mpwa wake, aliyekuja kufuatilia gari lililokwama kwenye mfumo. Mtandao ulikuwa chini, kwa hiyo tulikaa tu: mimi, kijana wetu wa nyaraka, mpwa, na mzee mwenyewe, mikono juu ya fimbo, karibu na dirisha linalotazama upande wa bandari.

Kijana akatoa simu kutuonyesha video. Kuna kampuni ya Marekani, Inversion Space, inatengeneza chombo kiitwacho Arc. Kinakaa huko juu kikiizunguka Dunia na mzigo tumboni. Ukikiita kinashuka, kinapenya angahewa, kinafungua parachuti, na mzigo unakufikia popote ulipo ndani ya saa moja.

"Saa moja!" mpwa akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa storeji.

"Saa moja, dada," kijana akanigeukia. "Kazi yetu ndiyo imekwisha hivyo."

Tukacheka. Mzee hakucheka. Aliomba airudie video, akaisogeza simu mbali na macho wanavyofanya wazee, akaitazama mpaka mwisho.

"Mwanangu, huo mzigo ulipanda lini?"

Nikamwambia, baba, unaweza kuwa ulipanda mwaka jana, unaweza kuwa miaka minne nyuma. Wenyewe wanasema chombo kinaweza kukaa huko hadi miaka mitano.

"Basi haukuja kwa saa moja," akasema, akarudisha simu.

Baadaye mpwa wake alinieleza kwamba mzee alikuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge mpaka alipostaafu.

Mtandao ulirudi, tukaendelea na gari. Swali ndilo halikuondoka. Wiki kadhaa sasa nalala nalo, naamka nalo, na nimejikuta nikisoma usiku mambo ya ngao za joto wakati nina ankara za wateja hazijaguswa. Mimi nakula kutokana na kuchelewa kwa vitu. Mtu akija kusema kuchelewa kumekwisha, lazima nimsikilize kwa makini.

Kushuka ndiyo kazi

Tumezoea kustaajabia roketi inayopaa. Moshi, kishindo, watu wanapiga makofi, halafu tunazima televisheni. Hawa wanaotengeneza vyombo vya kurudi wanaumiza kichwa upande wa pili.

Kitu kilichoko kwenye obiti ya chini, yaani njia ya karibu ya kuizunguka Dunia, hakijaning'inia tu kikisubiri kuachiwa. Kinakwenda kama kilomita 28,000 kwa saa. Basi la Tanga likitoka asubuhi linafika Dar es Salaam mchana. Chombo hicho kingeimaliza safari hiyo kabla dakika haijatimia. Na kwa mwendo huo, kila kilo ya mzigo imebeba nishati karibu mara saba ya iliyomo kwenye kilo moja ya baruti ya TNT. Nishati yote hiyo lazima iachwe njiani kabla mzigo haujagusa ardhi.

Ukitaka kuimaliza kwa injini, ungelazimika kupandisha huko juu roketi nyingine nzima kwa ajili ya breki tu. Kwa hiyo injini inapunguza kidogo sana, kama mita 100 kwa sekunde kati ya 7,700, kiasi cha kuiinamisha njia ya chombo kuelekea Dunia. Breki zilizobaki zote ni hewa. Hewa iliyo mbele ya chombo inabanwa mpaka inageuka plazma, yaani gesi ya moto yenye chaji ya umeme, joto la maelfu ya nyuzi, na kwa dakika kadhaa mawasiliano ya redio yanaweza kukatika kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu walidhani chombo cha kupenya hewa kwa kasi hiyo lazima kiwe na ncha kali. Mhandisi H. Julian Allen, aliyekuwa kituo cha utafiti wa anga cha Ames huko California, akaonyesha kinyume chake: kifanye kibutu. Uso mpana unalundika hewa mbele yake, wimbi la mshtuko linasimama mbali kidogo na chombo, na sehemu kubwa ya joto inapita pembeni badala ya kuingia ndani. Nimependa sana habari hiyo. Ndiyo maana kapsuli zote unazoziona kwenye picha zina tako pana.

Arc haikufuata umbo la kapsuli ya kawaida. Imechongwa ili tumbo lake libebwe na hewa, jambo linaloiwezesha kukata kushoto au kulia wakati inashuka, hadi kama kilomita 1,000 kutoka kwenye mstari wake. Inabeba kilo 225. Chombo chao kidogo cha majaribio, Ray, kilirushwa Januari 2025, na Arc yenyewe ikaonyeshwa hadharani Oktoba mwaka huohuo.

Kilo 225 si nyingi. Ni kama magunia mawili ya mahindi na kidogo. Kilomita 1,000 ndizo zilizonishughulisha zaidi.

Hesabu ya kalamu

Chombo cha obiti ni daladala isiyosimama, na barabara yenyewe inasogea. Kinamaliza mzunguko mmoja kwa takriban dakika 90. Katika dakika hizo Dunia imejigeuza nyuzi 22 na nusu chini yake, kwa hiyo kikirudi kinapita kama kilomita 2,500 magharibi ya pale kilipopita mwanzo. Ikiwa mzunguko huu kimepita juu ya Tanga, unaofuata kiko huko ndani kabisa ya Kongo, na ule wa tatu kiko juu ya bahari ya Atlantiki.

Sasa tuseme nimekipigia simu. Nina dharura hapa Chumbageni. Chombo kiko juu ya Brazili na njia yake leo haipiti kwetu mpaka usiku. Hakuna injini wala umbo litakalokifikisha ndani ya saa moja.

Nikachukua kalamu. Kutoka kupiga breki hadi kutua ni zaidi ya nusu saa, tuseme dakika 40. Zinabaki dakika 20 za kusubiri chombo kifike mahali pa kupigia breki. Kila njia ya obiti inahitaji vyombo vinne au vitano ili kimoja kiwe karibu kila baada ya dakika 20. Na ili kila sehemu ya ukanda wetu huu wa ikweta iwe ndani ya zile kilomita 1,000, zinatakiwa njia kama kumi tofauti. Zidisha. Vyombo kati ya arobaini na hamsini.

Na mzigo ninaoutaka mimi lazima uwe ndani ya kila kimoja.

Nililiangalia jibu hilo kwa muda mrefu. Tunapoambiwa kisanduku kimoja kitakuja kwa saa moja, maana yake ni kwamba visanduku zaidi ya arobaini vya kitu kilekile vinazunguka juu yetu usiku na mchana, na vingine vyote havitumiki. Bei ya kupandisha kilo moja kwenye roketi za kampuni ya SpaceX zinazobeba mizigo ya wateja wengi kwa pamoja ni zaidi ya dola 5,000. Jaza vyombo 45 kwa kilo 225 kila kimoja, unazungumzia zaidi ya dola milioni 50 kwa kupandisha mizigo tu, vyombo vyenyewe hujavigusa. Kisha miaka mitano ikipita, anza upya.

Mzee aliliona hilo bila kalamu. Video ile ilitangaza usafirishaji. Yeye akaona stoo.

Nani basi hujenga stoo ya namna hiyo? Yule ambaye kukosa kitu kwa saa moja kunamgharimu zaidi ya dola milioni 50. Mimi namjua mmoja tu, naye huvaa kombati.

Mzigo wa kwanza ulikuwa picha

Historia haina haya katika jambo hili. Kitu cha kwanza kutengenezwa na binadamu kikaokolewa kutoka obiti ni kapsuli ya Marekani, Agosti 1960, iliyoopolewa baharini. Siku chache baadaye nyingine ikanaswa ikiwa bado hewani: ndege ya C-119 iliburuta ndoano nyuma yake na kulikamata parachuti. Ndani mlikuwa na filamu ya picha za Urusi. Mradi ule wa kijasusi uliitwa Corona. (Sisi wa Tanga tukisikia korona tunawaza kwanza mashine ya kukamua mkonge, kabla hata ya ule ugonjwa.)

Kwa miaka mingi ile ilikuwa biashara halisi ya kushusha mizigo kutoka angani, yenye ratiba na ndege zake, na mteja wake alikuwa mmoja.

Mwaka mmoja kabla, Juni 1959, nyambizi ya Marekani USS Barbero ilirusha kombora lenye barua 3,000 mahali palipotakiwa kuwa na kichwa cha bomu. Lilitua salama Florida na Postamasta Mkuu wao akasema kwamba kabla binadamu hajafika mwezini, barua zitakuwa zikivuka bahari kwa saa chache kwa makombora. Binadamu alifika mwezini. Barua za kombora hazikuonekana tena. Kilichokuwa kimeonyeshwa siku ile ni kwamba kombora linaweza kutua pale unapolitaka, na waliokusudiwa kulielewa hilo walielewa.

Siwalaumu wanaotengeneza Arc. Hawafichi kwamba mteja wao wa kwanza ni jeshi, wanasema wenyewe. Ila ile video inayosambaa kwenye simu zetu inaonyesha kisanduku cha dawa kikitua penye uhitaji, na sisi tunaitazama kama waalikwa.

Karatasi nazo zilipanda

Ngoja nitoke kidogo kwenye uchungu, maana kuna kisa kilichonichekesha mpaka nikampigia rafiki yangu wa forodha.

Kampuni nyingine, Varda, haishushi mizigo iliyopandishwa. Inatengeneza kitu hukohuko. Chombo chao cha kwanza kilirushwa Juni 2023 na ndani yake zikakuzwa fuwele za ritonavir, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwenye mchanganyiko wa ARV. Si dawa ya kuchaguliwa ovyo. Mwaka 1998 vidonge vyake vya wakati ule viliondolewa sokoni kwa sababu fuwele zilianza zenyewe kujipanga kwa umbo jipya lisiloyeyuka vizuri mwilini. Namna fuwele zinavyojipanga ni suala la uhai na kifo, na kule ambako uzito hausikiki zinajipanga tofauti. Hiyo ndiyo biashara.

Fuwele zilikuwa tayari baada ya muda mfupi. Chombo kizima, mzigo mzima.

Kibali cha kutua hakikutoka.

Waliomba kutua kwenye uwanja wa majaribio wa jeshi huko Utah. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani na jeshi la anga hawakukubaliana nao kwa wakati, Septemba wakakataliwa, na mzigo ukaendelea kuizunguka Dunia kila dakika 90, miezi na miezi, ukingoja karatasi. Ulitua tarehe 21 Februari 2024. Sijui kama kuna dimareji ya obiti, ile tozo ya kuchelewesha mzigo, lakini kama ipo walistahili kuilipa.

"Unaona?" nikamwambia rafiki yangu. "Hata mbinguni."

Yeye hakuvutiwa na ucheleweshaji, ameuzoea. Akaniuliza swali la kiforodha: "Kwenye nchi ya asili utaandika nini?"

Swali zuri kuliko linavyosikika. Chombo cha pili cha Varda kilitua Februari 2025 huko Koonibba, Australia Kusini. Kwa hiyo kuna bidhaa iliyotengenezwa ndani ya chombo cha Marekani, mahali pasipo nchi yoyote, ikaangukia ardhi ya Australia, halafu ikapelekwa kwa mwenyewe. Je, imeingizwa? Ni transiti? Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema chombo kikiwa huko juu kinabaki chini ya mamlaka ya nchi iliyokisajili. Rafiki yangu alifikiri kidogo. "Andika Marekani, halafu ambatanisha barua ya maelezo." Miaka yote hii, jibu lake kwa kila kitu ni barua ya maelezo.

Ungeweka nini?

Kwa muda nililifanya swali hilo kuwa mchezo. Kila aliyeingia ofisini nilimuuliza: ungepewa kisanduku kimoja angani kwa ajili ya Tanga, kikae miaka mitano, ukiite siku moja tu, ungeweka nini?

Mama anayetuletea chakula alisema mtungi wa gesi. Dereva wa lori alisema pesa taslimu, na kwa dola. Kijana wa nyaraka alisema damu, na hapo mchezo ukageuka.

Damu ndiyo dharura kuliko zote. Kampuni ya Zipline walipoanza kurusha droni Muhanga, Rwanda, Oktoba 2016, mzigo wao wa kwanza ulikuwa damu. Lakini chembe nyekundu zikitunzwa vizuri kwenye friji hukaa siku 42 tu. Ukiiweka kwenye obiti, mwezi wa pili unazungusha takataka. Chanjo nyingi na insulini zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 bila kukatika, na zina tarehe zake. Ukishika orodha ya vitu ambavyo mtu hufa akivikosa kwa saa moja, vingi ni vile visivyoweza kusubiri miaka mitano. Ukishika vinavyoweza kusubiri miaka mitano, vingi vinaweza kuja kwa basi la usiku.

Kinachofaa kabisa ni spea. Korona ikivunjika beringi wakati majani ya mkonge yameshakatwa, huna siku nyingi. Jani likikauka, nyuzi zinatoka mbaya na kazi ya watu wa shambani imepotea. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee vizuri. Maisha yake yote alikuwa akilipwa kwa kubashiri beringi gani itavunjika. Rafu zake zilijaa vitu ambavyo wakaguzi waliviita mtaji uliolala, mpaka siku mashine inaposimama, na siku hiyo yeye hutoa kile kitu kwa dakika tano. Dakika tano! Shambani wangesema stoo yao ina kasi. Ukweli ni kwamba kile kitu alikiagiza zamani, kikaja kwa meli polepole, na kuna siku aliketi akaamua kitu hiki kiwepo na kile kisiwepo.

Mkonge wenyewe ulikuja hivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikapitia Hamburg. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Mkoa wote huu, reli, mashamba, mabati ya Ngamiani, ulijengwa juu ya mzigo uliochelewa na karibu wote kufa njiani.

Rafu iliyoachwa tupu

Kitu kimoja kilibaki kwenye orodha yangu baada ya kufuta vingine: dawa ya sumu ya nyoka.

Iliyokaushwa kuwa unga haihitaji friji kali na hudumu miaka. Ni nyepesi. Inahitajika haraka, sumu ya koboko haikusubiri. Na aliyeumwa kwa kawaida yuko mbali, kwenye mahindi Handeni au chini ya Usambara, mbali na hospitali ya Bombo. Ukitaka sababu ya heshima ya kushusha mzigo kutoka angani, ni hii. Nilifurahi kuipata. Nilitaka sana iwepo.

Halafu nikasoma kisa cha Fav-Afrique.

Ilikuwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika, kifutu, koboko, swila na wenzao, aina kumi kwa chupa moja. Watengenezaji wake, Sanofi Pasteur wa Ufaransa, waliacha kuitengeneza mwaka 2014 kwa sababu haikuwa na faida kwao. Shehena ya mwisho iliisha muda wake Juni 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa yanayopewa kipaumbele. Linakadiria wanaokufa kila mwaka duniani ni kati ya 81,000 na 138,000.

Dawa ile haikukosekana kwa sababu Ufaransa ni mbali. Ndege za Ulaya hufika Dar es Salaam usiku mmoja. Wala barabara za Handeni hazikuwa na kosa lolote katika jambo hilo. Mtu alikaa mezani, akapiga hesabu halali kabisa, rafu ikaachwa tupu.

Hapo ndipo wiki zangu za kusoma zilipobadilika ladha. Nilikuwa nikiitafutia teknolojia hii kazi nzuri ya kufanya, na kazi niliipata, lakini tatizo lililokuwa chini yake halikuwa la mwendo. Umbali ninaujua. Naufanyia kazi kila siku, una bei yake na njia zake. Tangu lango la bandari yetu lichimbwe na gati kufikia kina cha mita 13, meli zinafunga gatini badala ya kutia nanga nje na kushusha kwa matishari, na siku za mteja zimepungua kwelikweli. Mwaka 2018 droni ya kampuni za DHL na Wingcopter ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa kama dakika 40, katika mradi wa majaribio wa miezi sita. Umbali unapunguzika. Uamuzi wa nini kikae kwenye rafu haupunguzwi na injini yoyote.

Na stoo ya angani ina funguo chache kuliko stoo yoyote niliyowahi kuisikia.

Kinachoshuka bila kuitwa

Wakati huohuo tusidhani angani hakutuletei kitu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa kama mita mbili na nusu na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, kwa majirani zetu wa Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilikuja kuichukua na kuichunguza. Hakufa mtu.

Kilo 500 ni zaidi ya mara mbili ya mzigo wa Arc. Bure, hadi mlangoni.

Sheria ipo. Mkataba wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha inawajibika kwa hasara ya ardhini hata kama haikuzembea. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye kinu cha nyuklia, ilisambaratika juu ya Kanada mwaka 1978. Kanada ikadai dola zake milioni 6, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3. Lakini Kanada ilikuwa na vipimo, wanajeshi wa kukusanya vipande, na wanasheria wa kuandika dai. Mwanakijiji anaamka anakuta pete kwenye shamba.

Pwani yetu si ngeni kwa mambo haya. Ukipanda kaskazini, ukaivuka Mombasa na Malindi, kuna majukwaa ya Ngomeni, ambako Waitaliano walirushia setilaiti. Mojawapo ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kutazama miale ya X ya nyota. Wavuvi wa huko waliona roketi kabla mimi sijazaliwa. Walioamua ipande na nini walikuwa Roma na Washington.

Kama watakuja

Nawaza watakuja. Vyombo vya kushuka vinataka maeneo makubwa yenye watu wachache, na bahari upande mmoja ikiwezekana. Uwanja wa Koonibba unaendeshwa na kampuni ya Southern Launch pamoja na shirika la jamii ya wenyeji wa pale, watu wa asili wa Australia. Walikaa mezani. Siku moja mtu mwenye ramani atafika Tanga au Lindi au Lamu akitafuta uwanja, na atakuja na mambo mawili mkononi: pango la ardhi na ajira za ulinzi.

Ningependa tuwe tumeshafikiria la tatu.

Tuombe rafu. Ndani ya kila chombo kitakachotua kwetu au kupita juu yetu kwa mkataba huo, kilo kumi kati ya zile 225 ziwe zetu kuchagua. Orodha iandikwe na daktari wa wilaya, mkunga, na mtunza stoo mmoja mstaafu. Namba ya kuita iwe kwa mganga mkuu wa mkoa, siyo ubalozini. Na kiwepo kifungu kinachosema wazi nani anabadilisha dawa ikikaribia kuisha muda, kwa gharama ya nani, na kwa taarifa ya miezi mingapi, maana nimeona mikataba mingi mizuri iliyosahau kipengele hicho.

Nilimtumia rafiki yangu wa forodha rasimu. Amerudisha na swali moja tu: hizo kilo kumi, zikitua, ni msaada au ni biashara? Maana fomu ni tofauti.